Chaki kwenye namba saba

Jumamosi, 11 Januari 2025

Karume leo, kwenye mitumba, nimetoa laki moja na themanini kwa mfuko wa fimbo za gofu. Muuzaji alianzia laki tatu na nusu. Alikuwa ameusukumia chini ya meza ya viatu, na mteja aliyenitangulia, kasema mwenyewe, alitaka fimbo moja tu ya kufukuzia mbwa. Fimbo tisa: draiva, namba tatu, nne, tano, saba, tisa, weji mbili, na ile ya kusukumia mpira shimoni. Sita na nane hazimo. Sikuuliza zimekwenda wapi. Kwenye mitumba huulizi.

Chanzo ni Dokta. Mteja wangu wa miaka, nyumba yake ya Upanga nimeivalisha mapazia mara tatu. Mwezi wa kumi na moja alikuja dukani, kijana wangu akachelewa kumsaidia, na bibi wa miaka 71 akajitwika jora zima begani akalipeleka kwenye gari. Nikamuuliza anakula nini. Akasema anacheza gofu, mashimo 18 kwa miguu, na ukihesabu kuzunguka kote ni kama kilomita nane. Mimi nina miaka 48, sukari inanipanda, hospitali wamenambia nitembee, na nikitoka Mtaa wa Kongo hadi Swahili nahema.

Shati la mtumba unalisoma kwapani, suruali magotini. Nimezipanga fimbo sakafuni na kuzisoma hivyo hivyo. Namba tatu inang'aa kama imetoka kiwandani leo: mwenyewe ilimshinda, akaiacha. Nne vilevile. Namba saba ndiyo imekula chumvi. Mistari ya usoni imefutika mahali padogo kama sarafu ya mia mbili, na pale si katikati, ni karibu na ncha. Kwa hiyo bwana yule, wa Japani sijui wa Uingereza, alipiga namba saba maisha yake yote, na alipiga vibaya.

Mume wangu ameuzunguka mfuko, akauliza kama tunafungua bendi.

Jumamosi, 18 Januari

Lugalo. Dokta aliniambia niende huko nikajifunze kwanza kabla hajanichukua mgeni wake Gymkhana. Ni uwanja wa jeshi lakini raia tunaingia. Konda wa daladala la Kariakoo–Bunju alitaka nauli ya mfuko. "Mama, hilo roketi linakaa siti yake." Nikalipa nusu, nikaliweka kati ya magoti hadi Lugalo. (Wajerumani walipigwa Lugalo na Wahehe wa Mkwawa, Agosti 1891, na jina ndilo hilo lililokuja kukaa kwenye kambi ya Dar. Abiria aliyekuwa pembeni yangu alidhani nimebeba vyuma vya mahema ya jeshi.)

Mipira 30. Kumi na moja nimepiga upepo. Sita imekimbia chini kama panya. Iliyobaki imeruka, yote kuelekea kulia.

Kedi niliyepewa ni kijana wa ishirini na kitu. Baada ya shikamoo alinitazama mipira kumi hivi, kimya. Kisha akasema, "Mama, unaua nyoka."

Kweli nilikuwa naua nyoka. Mikono yote miwili imekaza, meno yameumana, natoka juu na hasira zangu. Akanishikisha upya: kushoto juu, kulia chini, kidole kidogo cha kulia kikipanda juu ya mkono wa kushoto. Dokta ananiambia mshiko huu umepewa jina la Harry Vardon wa kisiwa cha Jersey, aliyechukua Open ya Uingereza mara 6. Ninakaza kiasi gani? Kedi hakujua kueleza, anasema tu "legeza, legeza". Nimejitafutia mwenyewe njiani kurudi: kama unavyomshika mtoto mkono mnapovuka Msimbazi. Haumii, lakini hachomoki.

Mgongo unaniuma hadi kwenye nywele.

Alhamisi, 23 Januari

Nimefunga duka, nimetoa futi kamba.

Namba saba: inchi 37. Draiva: 45 na nusu. Mimi bila viatu ni futi tano na inchi moja. Fimbo hizi zilikatiwa mwanaume. Nikiweka namba saba chini jinsi kedi alivyonionyesha, ncha inapanda hewani na kisigino kinazama. Ukipiga hivyo kisigino ndicho kinachokwaruza ardhi. Ni pazia lililokatiwa dirisha la watu wengine: linafunika, lakini halikai.

Kwenye mpini wa draiva kuna herufi S. Dokta ameniambia kwa simu kwamba S ni mpini mgumu, R wa wastani, L wa wanawake, na kwamba kila kiwanda kina S yake, hakuna kipimo kimoja. Hilo lilinifurahisha. Mimi na "XL" za China tunajuana siku nyingi.

Uso wa draiva umeandikwa nyuzi 9. Nilidhani uso uliosimama zaidi unafikisha mpira mbali. Unafikisha, kama una mkono wa kasi. Mimi mpira wangu hauna nguvu ya kupanda, na uso wa nyuzi 9 haumsaidii mtu kupandisha kitu. Mtu kama mimi anatafuta 12 na kuendelea. Basi draiva imeingia nyuma ya majora.

Jumapili, 2 Februari

Gerezani, kwa fundi wa vyuma. Nimepeleka namba saba, namba tisa na weji moja zikatwe inchi moja.

Fundi aliikamata namba saba, akaifunga kwenye jiliwa, akaweka msumeno huku chini, karibu na kichwa! Nikapiga kelele hadi wachomeaji wakageuka. Yeye anaona chuma ni chuma, inchi ni inchi, ukikata chini au juu fimbo inapungua sawa. Nimemweleza kwa kitambaa. Huku chini ndiko mpini unakosinyaa na kuingia shingoni mwa kichwa, huku ndiko unakopinda. Ukikata hapa ni kama kupunguza gauni kiunoni kwa sababu pindo linaburura. Hapo akanielewa, maana mkewe anashona.

Kwa hiyo juu. Kwanza mpira wa kushikia ukapasuliwa kwa kisu na kubanduliwa, umekauka kama ngozi ya ng'onda. Msumeno ukaimba. Kipande kikaanguka, inchi moja ya bomba, nimekichukua. Akapiga tupa kingo. Kisha gundi ya karatasi ya pande mbili, nilikuja nayo mwenyewe, ndiyo ile ninayobandikia pelmeti, ikazungushwa mpinini. Petroli kidogo ndani ya mpira mpya, petroli juu ya gundi, na hapo huna dakika: unausukuma mpira unateleza hadi mwisho, unaunyoosha, unauacha. Ukichelewa, petroli inakauka na mpira unakwama nusu. Wa tatu ulikwama nusu. Tukaupasua, tukaanza tena, na mpira wa elfu kumi na tano ukaenda na maji.

Nimejaribu palepale uani. Fimbo imekuwa fupi, nzuri, lakini kichwa kinahisi chepesi kuliko jana na mpini umekuwa mgumu zaidi. Nilidhani nimepunguza urefu tu. Nguo ukiipunguza upana wa mabega na mikono inabadilika, ningejua.

Jumapili, 9 Februari

Gymkhana, mgeni wa Dokta, mashimo manne tu kisha nikakaa. Bodaboda kutoka Mnazi Mmoja, Bibi Titi, hadi Ghana Avenue haijafika robo saa, na mfuko mgongoni ulikuwa unagonga helmeti yangu kila tuta. Kuna miti mikubwa na upepo wa bahari. Nilikulia Mtaa wa Mchikichi, na miaka yote hii nimepita ukuta huu kwenda Ocean Road kutazama wagonjwa, sikuwahi kuuliza ndani kuna nini.

Mipira inakata kulia. Nimelenga kushoto ili irudi katikati, ikazidi kukata. Dokta akanikalisha kwenye benchi kama mgonjwa. Mpira, anasema, unasikiliza vitu viwili tu: uso wa fimbo unatazama wapi, na fimbo yenyewe inapita njia gani. Mimi fimbo yangu inatoka nje na kuvutwa ndani kuelekea tumboni, kama mtu anayeburuza pazia kulifunga, na uso nauacha wazi. Mpira unasuguliwa, unazunguka, unakwenda kulia. Nikilenga kushoto naongeza ule mvuto. Yaani dawa yangu ndiyo ilikuwa inalea ugonjwa.

Nilikuwa na chaki ya cherehani kwenye pochi, ya bluu, ipo siku zote. Nikaipaka usoni mwa namba saba, nikapiga, nikaangalia. Mpira umeacha duara safi, lenye vidoti vyake, karibu na ncha. Nikafuta, nikapaka, nikapiga. Palepale. Mara tano.

Ni palepale pa yule bwana. Alama yangu imekaa juu ya alama yake, kana kwamba kaniachia maagizo.

Alhamisi, 20 Februari

Kijana mmoja kaniletea dukani draiva mpya, ipo kwenye nailoni. Milioni moja na laki mbili. Kichwa kikubwa kama embe dodo, ndicho kikubwa kabisa sheria inachokubali, sentimita za ujazo 460. Anasema yenyewe inanyoosha mpira.

Nimeishika muda mrefu. Nilipokwenda Keqiao kununua mapazia nilisikia kwamba vichwa vingi vya fimbo za dunia nzima vinamwagwa viwandani Guangdong, kwa hiyo huenda kile kichwa na mzigo wangu vimepanda meli pamoja. Zamani vilichongwa kwa mti wa persimmon. Huo ni ukoo mmoja na ebony yenyewe, si mpingo wetu. Mpingo ni jamaa wa kunde, watu wanachanganya.

Sikununua. Nisijisifu: kodi ya fremu inaiva tarehe mosi.

Jumanne, 11 Machi

Ramadhani. Mchana sina nguvu ya kwenda popote. Baada ya tarawehe nashuka dukani, kijana anahesabu mauzo, mimi nasukuma mipira sakafuni kati ya majora. Kariakoo sasa wanataka ifanye kazi usiku na mchana, kwa hiyo hata saa nne usiku wateja wanachungulia na kuuliza bei nikiwa nimeinama.

Shimo la gofu lina milimita 108. Kopo la maziwa ya unga la gramu 400 linapungua kidogo hapo. Nimelilaza. Afadhali dogo.

Kwa terazo mpira unakimbia kama una deni. Nimejifunza kuugusa tu, mabega yakitembea, viganja vimekufa. Sonara wa jirani kaupima kwenye mizani yake ya dhahabu: gramu 45.6. Sheria inasema usizidi 45.93. Akaniuliza ndani kuna nini. Nikamwambia raba. Akaurudisha haraka.

Nadhani hapa ndipo ninapookota mapigo. Kadi ya Dokta ya wiki iliyopita ilikuwa na mapigo 98, na 37 yalikuwa ya kusukuma. Hakuna aliyewahi kuniletea dukani fimbo mpya ya kusukumia kwa milioni moja.

Jumatatu, 24 Machi

Sikufanya kitu. Mzigo umekwama bandarini.

Jumapili, 13 Aprili

Masika. Lugalo kumejaa maji, Jangwani wamefunga njia, mwendokasi hakuna. Nimepanda juu ya paa la ghorofa, kati ya matangi na kamba za nguo, nikizungusha namba saba bila mpira. Hajjati wa ghorofa ya nne alikuja kuanua nguo, akasimama. "Mwanangu, nani kakuudhi?"

Lakini jambo la wiki hii ni la Ijumaa. Mteja kataka mita kumi na mbili za pamba nyeupe ya bitana. Pamba hatukati kwa mkasi mwanzo hadi mwisho, tunachana. Unachoma kidogo ukingoni, unashika pande mbili, unaanza taratibu mpaka uzi ukubali, kisha unaongeza, na katikati yenyewe inakimbia kwa sauti. Ukiikurupua mwanzoni inakwenda mshazari na unalipa hasara. Nimechana pamba miaka ishirini na tano. Mkono wangu unaujua mwendo huo hata nikiwa nasinzia.

Nikasimama na kipande mkononi, mteja ananitazama.

Mimi fimbo naikurupua pale juu. Haijamaliza kupanda, naivuta. Ndiyo maana inatoka nje, ndiyo maana njia inakwenda mshazari! Kedi alisema legeza mara mia na hakusema uongo, ila neno lake halikuwa la kwangu. Juu ya paa nimejaribu: napandisha, nasubiri uzi ukubali, naanza taratibu, sauti inakuja chini. Sauti ndiyo kipimo. Ikilia juu ya bega, nimekurupua. Ikilia chini pale mpira ungekaa, sawa.

Jumapili, 4 Mei

Lugalo, jua limerudi. Kedi wangu kachukua kandambili yake, kaiweka nje kidogo ya mpira, upande wa mbali, sambamba na njia ya kulenga. "Ukitoka nje, Mama, unanipiga kandambili." Nimeirusha mara saba. Ya nane imebaki. Katika mipira ishirini ya mwisho nimeigusa mara nne, na mpira unakwenda karibu sawa, mwingine hata ukapinda kushoto kidogo, nikashangilia kama Simba kafunga.

Dokta anahesabu kwa yadi, kama tulivyouza kitambaa zamani. Namba saba yangu: 95. Ya kedi, kwa fimbo yangu hii iliyokatwa, fupi kwake, alipiga mara moja tu nilipomwomba: 150 na zaidi, na hakuonekana kufanya kazi yoyote. Ana fimbo tano. Moja shingo yake imechomelewa. Alijifunza na nondo iliyokunjwa, akipiga mbegu za maembe nyuma ya nyumba yao. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki wameanzia hapo, kubeba mifuko ya watu.

Nililifikiria hili kwenye daladala. Jina la kwetu ni la wabebaji: Carrier Corps, kambi ya wapagazi wa Waingereza baada ya kuuteka mji Septemba 1916, mdomo wa watu ukaigeuza Kariakoo. Pale Posta, juu ya nguzo ya mwaka 1927, aliyesimama ni askari na bunduki yake, si mpagazi. Na mimi, mzaliwa wa Kariakoo, namlipa mtoto wa mtu anibebee. Sheria ya fimbo 14 ilikuja Marekani mwaka 1938, Uingereza mwaka uliofuata. Kabla yake walikuwapo mabwana waliobebesha makedi fimbo zaidi ya ishirini. Leo nilikwenda na tano. Mfuko nimebeba mwenyewe hadi shimo la tatu, kisha yeye akauchukua bila kusema kitu, kwa sababu nilikuwa nawachelewesha walio nyuma.

Binti yangu kanitumia picha za Madina Iddi wa Arusha, aliyekuwa bingwa wa wanawake nchini. Nimezitazama mikono tu.

Jumapili, 15 Juni

Gymkhana, mashimo tisa, kadi yangu ya kwanza iliyosainiwa. Mapigo 64. Ya kusukuma 18. Dokta kapiga 47 na bado analalamika goti. Ili nipewe handikapu nahitaji kadi za mashimo 54; siku hizi anayeanza anaweza kupewa hadi 54, mwanamke na mwanaume sawa, tangu utaratibu mpya wa dunia wa 2020. Dokta anakumbuka enzi za 36 kwa wanawake na anasema tumedekezwa.

Shimo moja limenipa mapigo 11, sitaki kuliandika.

Chaki: nimepaka mara sita. Tatu katikati, duara limekaa safi ndani ya mistari mipya ambayo yule bwana hakuwahi kuigusa. Mbili nchani. Moja sikuiona kabisa, maana nilipiga mchanga.

Jioni muuzaji wa Karume kanipigia simu. Kazipata sita na nane. Zilikuwa kwa jamaa wa vyombo vya jikoni, zimefungwa pamoja na mafagio. Nikapita nilipokuwa narudi. Ni zenyewe: chapa ileile, rangi ileile ya mpini, na kwenye namba nane, karibu na ncha, pamefutika kama sarafu ya mia mbili. Namba sita inang'aa nusu. Alikuwa anaijaribu jaribu.

Laki moja kwa zote mbili, anasema, maana bila hizi seti yangu ina pengo. Ameshajifunza neno seti. Nikamwambia ni ndefu kwangu, nitazikata Gerezani, mpira wa kushikia ni elfu kumi na tano kila mmoja, fundi na gundi na petroli juu yake. Elfu ishirini zote mbili. Kacheka, kazirudisha kwenye mafagio.

Nitapita Alhamisi.